Sauti Iliyobaki Chini ya Harusi

Deki ya mwisho niliyofungua kabla ya kustaafu ilikuwa na mjusi ndani, amekauka huku amekumbatia transfoma. Nilimtoa kwa kibano nikamlaza juu ya gazeti, na nyinyi vijana wa kutengeneza simu, mliokodi upande wa pili wa chumba changu hapa mtaa wa Majimbo, mkatoka mbio. Mliporudi ndipo mkaniomba niandike. Mlitaka kujua miaka yote ile nilikuwa nafanya nini na yale masanduku meusi. Nimeandika. Aliye mvivu wa kusoma aruke mpaka kwa Mzee Nyaga, maana najua hapo ndipo mnapotaka kufika.

Mimi ni Igoki, na kazi yangu ilikuwa video. Niliingia katika duka la Mzee Kithinji nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha redio, nikidhani najua kitu. Mzee Kithinji alikuwa Mmeru wa Mikinduri aliyehamia Embu mjini, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Siku yangu ya kwanza alinipa deki mbovu na bisibisi ya dukani, akaniambia nitoe skrubu zote bila kuumiza hata moja. Niliharibu nne. Skrubu za Kijapani ukiziangalia ni nyota kama nyota nyingine, lakini mfereji wake si uleule, na bisibisi ya kawaida huteleza juu yake ikatafuna kichwa. Yeye alikuwa amesugua ya kwake kwenye jiwe mpaka ikaingia sawasawa. Hakunigombeza. Alizipanga zile skrubu nne mbele yangu mezani, na zilikaa hapo wiki nzima, wateja wakiziona.

Siku hizo kaseti zilikuwa za aina mbili. Betamax ilikuwa ndogo na picha yake safi, lakini iliisha baada ya saa moja. VHS ilikuwa kubwa na inakaa muda mrefu. Walimu na madaktari walileta Betamax, wafanyabiashara wa miraa walileta VHS. Mzee Kithinji aliipenda Betamax kama mzazi anavyompenda mtoto mwerevu aliyekufa mapema. Watu wa Nairobi walikuwa na maelezo marefu ya kwa nini ilishindwa, lakini yeye alisema Mjapani aliyeiunda hakuwahi kualikwa harusi ya Kimeru, angejua kwamba kwa saa moja hata mahari haijatajwa.

Vitabu vya mashine vilikuja na michoro yenye maandishi ya Kijapani. Tulijifunza herufi chache kwa sura tu. Moja aliiita kibanda cha kuku, na ilipokuwa imeandikwa kwenye mchoro hatukugusa mahali hapo kwa mkono ulio na unyevu. Mpaka leo sijui inasomekaje.

Alinifundisha kusafisha vichwa vya deki, vile vinavyosoma utepe, kwa spiriti na ngozi laini, kwa upande, kamwe si juu na chini, na kamwe si kwa pamba. Alinifundisha pia kusoma deki kabla ya kumsikiliza mwenyewe. Yenye vumbi jekundu imetoka Mbeere, yenye ukungu imetoka juu kwenye majani chai, na yenye mende imetoka kwa mtu anayekula akitazama. Kazi ya kunakili kanda za mazishi alikuwa na namna yake ya kuifanya. Aligeuza televisheni ikatazama ukuta, akakaa anaangalia mishale ya sauti tu ikipanda na kushuka. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alisema marehemu hafai kutazamwa na wageni watu wake wakiwa hawapo. Nilicheka. Baada ya mwaka mmoja nami nilikuwa nageuza televisheni, na sikuwa nacheka.

Jambo moja lazima mlielewe, kwa sababu simu zenu hazina. Nyuma ya kila kaseti ya VHS kuna kijino kidogo cha plastiki. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Ukibadili nia, unaziba tundu kwa selotepu na mashine inadanganyika. Amri ya Mzee Kithinji ilikuwa kwamba kaseti iliyovunjwa kijino haizibwi mpaka fundi aitazame kwanza, kwa sababu kuna mtu aliamua kilicho ndani kibaki. Katika kazi yangu yote niliivunja amri hiyo mara moja.

Mzee Nyaga alikuwa mkulima wa kahawa juu ya Runyenjes. Alipougua mpaka madaktari wakamrudisha nyumbani, kijana wake mkubwa, Njagi, alikuja dukani akataka fundi wa kamera. Alisema mzee anataka kuacha maneno. Nyinyi wa sasa huenda mmesikia kirumi kwa mbali tu. Ni neno la katazo ambalo mzazi anaacha anapoondoka: shamba hili lisiuzwe, fulani asikanyage hapa. Watu wetu wanaliogopa kuliko mahakama, maana wa kuliondoa ni yule aliyelisema, naye yuko chini ya udongo. Wakati huo video ilikuwa imeingia, na familia zenye uwezo zilianza kutaka maneno hayo yawe kwenye kaseti ili baadaye pasiwe na ubishi.

Nilifika mchana. Nilisimamisha kamera miguuni pa kitanda, nikabana kipaza sauti kwenye blanketi la mistari myekundu na ya kijani. Mzee Nyaga aliitazama ile lenzi kama anayetazama mtu asiyemwamini. Njagi akaniambia nibonyeze nitoke, maneno ni ya wana wa nyumba hii. Nikatii. Hiyo ndiyo desturi, na sikuwa na haja ya kusikia kirumi cha watu wengine.

Jikoni nilimkuta Wawira, binti wa mzee. Alikuwa ametoka kwa mume miaka miwili nyuma na watoto wawili, na baba yake akamkatia mistari ya kahawa kule chini karibu na kijito. Alikuwa anapika uji wa mgonjwa. Aliniambia ameambiwa akae hapo mpaka aitwe, naye yuko tayari, hata nguo amebadilisha. Tulikaa pamoja mpaka kaseti ikaisha, muda wa saa mbili nzima. Uji ulipokuwa mzito aliongeza maji, ukawa mzito tena, akaongeza tena, mpaka ukawa mwepesi kama chai. Hakuna aliyekuja kumwita. Njagi alitokea mlangoni akaniambia nikachukue mashine yangu. Mzee alikuwa amelala, mdomo wazi. Nilitoa kaseti, nikavunja kijino kwa bisibisi mbele yao kama nilivyofanya kwa kila kazi nzito, nikamkabidhi Njagi.

Mzee alifariki wiki hiyohiyo. Baada ya mazishi Njagi alisimama mbele ya ukoo akasema baba ameacha kirumi: Wawira asikanyage boma hili, asichume kahawa yake, na asisimame kwenye kaburi lake. Akasema maneno yako kwenye kaseti.

Hakuna aliyeomba ichezwe. Nyinyi mtashangaa, maana mnacheza kila kitu mara kumi. Lakini fikirieni. Kuicheza ni kumfanya mzee aseme tena, na aliyesikia katazo naye limemfunga. Hata pasta hakuomba. Wawira alishuka na watoto wake mpaka Runyenjes, akaanza kuuza ndizi sokoni. Baadaye kifungua mimba wake alipofariki, watu walimletea unga na sukari, wakakaa naye, wala hawakutaja kirumi, naye akaelewa walichokuwa wanakinyamazia. Alianza kuamini kwamba baba yake alimchukia hadi pumzi ya mwisho. Alinieleza haya yeye mwenyewe, mara nyingi, nilipopita kununua ndizi. Kila mara aliniuliza kama siku ile nilisikia chochote nikiwa mlangoni. Sikuwa nimesikia.

Mwaka ulipopita Njagi alikuwa anaoa. Alikuja dukani na kaseti iliyobanduliwa lebo, akasema harusi irekodiwe juu ya hiyo. Nilitazama tundu la kijino nikajua mkato wangu. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema nyumba mpya haiwezi kuanza na maneno kama yale kabatini, na kuichoma anaogopa, kwa sababu hajui moshi utayapeleka wapi. Afadhali nyimbo za kanisa ziyafunike. Mzee Kithinji alikuwa mgonjwa kwao Mikinduri, hakuwepo wa kuniuliza.

Nilipaswa kuitazama kwanza. Nilishika kaseti ile mkononi muda mrefu, deki iko mbele yangu, na niliogopa. Fundi mwenye cheti, niliyekuwa najua kwamba ule ni utepe wa plastiki wenye unga wa chuma, niliogopa mzee aliyekufa asije akasema nikiwa peke yangu chumbani. Nikakata selotepu, nikaziba. Na nilijiambia namfanyia Wawira wema, kwamba kirumi chake kinakwenda kuzikwa chini ya harusi.

Lipo kosa la pili. Kamera yetu ilikuwa na kichwa cha kufutia kilichochoka. Kila kamera ina kichwa kinachotangulia kufuta kabla kile kingine hakijaandika, na cha kwetu kilikuwa kinafuta nusunusu. Nilikuwa nasubiri kipuri kutoka Japani kupitia kwa wakala wa Nairobi, na wakala wa Nairobi alikuwa na subira kuliko mimi. Nilijua ubovu huo, nikapuuza, kwa sababu harusi ina kelele na kelele hufunika mengi.

Miaka ikaenda. Mzee Kithinji alifariki, nikabaki na duka. Diski zikaja, kisha simu, kisha nyinyi. Siku niliyosikia kwamba hata ile kampuni ya mwisho kule Japani imeacha kuunda deki, nilifunga mapema nikaenda nyumbani, na mume wangu akauliza nani amekufa. Baada ya hapo nilibaki na kazi moja: kutoa kanda za zamani na kuziweka kwenye flashi. Nilikuwa na deki tatu, mbili zikiliwa vipuri ili ya tatu iishi.

Mwaka wangu wa mwisho, asubuhi moja ya mvua ndogo, aliingia msichana wa umri wa mwalimu mpya, amevaa vizuri, ameshika kaseti kwa ncha za vidole. Aliitwa Purity. Alikuwa ameazima deki ya kanisa akajaribu kuitazama nyumbani.

“Cucu, hii kaseti iko na mtu ndani,” alisema.

Nilimwambia aniite fundi, si bibi, na kwamba ndani ya kaseti kuna mkanda na magurudumu mawili.

“Sawa, fundi. Lakini hii ni harusi ya dadi na mum. Mimi sikuwa nimezaliwa. Na kuna mzee ananiita jina.”

Nilimuuliza jina gani. Akasema jina lake la nyumbani ni Wawira. Yeye ni msichana wa tatu, na msichana wa tatu kwa mpango wao alipewa jina la dada ya baba yake, dada ambaye watoto wa nyumba hiyo hawakuruhusiwa hata kumsalimu barabarani. Baba yake ni Njagi. Alitaka nifute ile sauti, kisha niweke harusi kwenye flashi, kwa sababu wazazi wake walikuwa na sherehe ya miaka ya ndoa na hakutaka wageni washtuke.

Kwa hiyo nilikuwa nimeletewa Mzee Nyaga nimfute mara ya pili. Nilimwambia akae, nikafunga mlango ili kelele za barabarani zisiingie, nikaweka kaseti. Televisheni sikuigeuza.

Mwanzoni, kabla bibi harusi hajatokea, skrini ilijaa mistari myekundu na ya kijani iliyotambaa kutoka juu kwenda chini ikapotea. Nililijua blanketi lile. Kisha kanisa, kwaya, vigelegele, Njagi kijana mwenye tai pana. Kwa dakika nyingi hapakuwa na kitu. Nikaanza kutumaini. Ndipo pasta akawaambia watu wainamishe vichwa waombe kimya, kwaya ikanyamaza, na katika kanisa lile lililojaa watu walioinama, mzee akakohoa.

Kikohozi kilikuwa karibu kuliko kanisa. Ilikuwa kama mtu amekaa kati yetu na picha. Akasema kwa Kiembu, polepole, sauti ikitoka chini sana: “Wawira amefika?”

Purity alinishika mkono. Nilipandisha sauti. Mtu mwingine akamjibu mzee, kijana, hana haraka. “Bado, baba. Sema tu, tunasikia.”

“Huyo ni dadi,” Purity alisema.

Kwaya ikarudi ikawafunika wote. Tulisubiri. Katika kula kiapo palikuwa na mianya mifupi, na katika kila mwanya mzee alikuwepo. Bibi harusi alifungua mdomo kusema nitakupenda, na kabla sauti yake haijatoka, mzee aliuliza kama kuna mtu ametumwa kumwita. Njagi wa juu, bwana harusi aliyesimama na pete, hakusikia kitu; Njagi wa chini, wa kando ya kitanda, alijibu kwamba Wawira amekwenda mbali. Wakati wa kutia sahihi, kanisa likiwa kimya, tulisikia maneno marefu kuliko yote: “Sitasema nusu. Watoto wangu wakiwa nusu, sisemi. Nitamngoja.” Baada ya hapo ni pumzi tu. Saa nzima ya pumzi, ikipanda na kushuka chini ya keki, chini ya zawadi, chini ya hotuba za wajomba, na kila baada ya muda, swali lilelile. Nilisikiliza mpaka utepe ukaisha. Kirumi hakikuwemo. Mzee hakuacha neno lolote kwa sababu alikuwa anangoja, na aliyekuwa anangojwa alikuwa hatua ishirini kutoka kitandani, anaongeza maji kwenye uji.

Nilimweleza Purity yote, pamoja na selotepu na kichwa cha kufutia. Nilitaka anikasirikie. Yeye akasema, “Nilidhani ananiita mimi.”

“Anamwita mwenye jina.”

Alitazama mlango kwa muda. Nilijua anachopima: ni baba yake yule, na anayempenda, na sherehe iko karibu. “Mpelekee shangazi,” alisema mwishowe. “Usifute. Dadi nitamnunulia keki. Na hii nitamwambia mwenyewe.”

Wanauliza wengine kama niliogopa zaidi kusikia sauti au kwenda Runyenjes. Runyenjes. Nilifunga deki kwa blanketi nikaibeba mapajani kwenye boda boda, mvua ikininyeshea mimi na si yenyewe. Wawira ana mvi sasa, na goti moja limekataa kukunjika. Nilipomwambia nimeleta kaseti ya baba yake, aliwatoa wajukuu nje, akafunga mlango, akavua kitambaa cha kichwa akakifunga upya vizuri, kama mtu anayeitwa kusomewa hukumu. Nilianza kwa kuungama. Nilimwambia mimi ndiye niliyeziba tundu, na kwamba ningeitazama siku ile angekuwa ameishi maisha mengine. Alisema tu niwashe.

Maombi yalipofika na mzee akauliza kama Wawira amefika, alijishika mdomo. Mara ya pili aliondoa mkono. Mara ya tatu alisogeza kigoda chake mbele ya televisheni, mbele ya wageni wa harusi ambayo hakualikwa, akaanza kumjibu. Alimjibu kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu hutumia kumwambia mgonjwa kwamba chakula kiko karibu. Alimwambia yuko jikoni. Alimwambia uji uko tayari. Pumzi ilipobaki peke yake alinyamaza naye akaisikiliza, na mimi nililia bila kujificha, mwanamke mzima, fundi, kwa sababu ya kipande cha selotepu.

Utepe ulikwenda mpaka mwisho, mashine ikagonga ikasimama. Nilifuta uso. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, nikamuuliza kama nimchezee tena tangu mwanzo.

Alinishika kidole.

“Acha hapo,” alisema. “Ukirudisha, ataanza kuningoja tena.”